Pinboli ya baba ya mwaka 1979: niifunge globu za LED?

*Habari za kazi, kaka fundi. Nina mgahawa mdogo Majengo, Moshi. Marehemu baba aliniachia mashine ya pinboli, ile ya gololi ya chuma na vibao viwili vya kuirudisha juu. Aliinunua klabu moja ilipokuwa inauza vitu vyake. Ndani imeandikwa Bally, Chicago, 1979, volti 120, kwa hiyo tunaiendesha kwa kiboksi cha kushushia umeme. Wateja wanaipenda, watoto kwa wazee. Ila globu zake ndogo zinaungua kila mara na kuzipata ni shida, na rangi ya kioo cha juu chenye picha imeanza kubanduka. Fundi wa magari aliniuzia globu za LED, akasema zinaingia. Ni kweli zimeingia, lakini haziwaki. Nyingine mbili nilizoletewa na ndugu yangu aliyeko Marekani zinawaka, ila zinapepesa nikiziweka kwenye zile alama za kwenye ubao. Je, nibadilishe zote ziwe LED? Luku itapungua? Na fundi ananishauri niweke fyuzi kubwa zaidi, maana ya sasa inaungua mara kwa mara. Naogopa kuharibu kitu cha baba.*

Dada yangu, nianze na fyuzi, maana hapo ndipo penye hatari. Usiongeze. Fyuzi imewekwa ili iungue yenyewe kabla waya haujaungua. Mashine yako ni sanduku la mbao kavu la miaka zaidi ya 40, na nyaya zake zimefungwa pamoja mafungu kwa mafungu. Ukiweka fyuzi kubwa kuliko ile iliyoandikwa pembeni ya kishikio chake, siku ikitokea shoti utakaowaka ni waya, tena ndani ya mgahawa wenye watu. Fyuzi inayoungua kila mara inakupa taarifa: pengine soketi imepinda ikagusa waya wa jirani, pengine kiungio cha nyaya kimeungua, pengine kuna aliyefunga globu zinazokula umeme mwingi kuliko zilizotakiwa. Mpaka sababu ipatikane, mashine ikae imezimwa na plagi imechomolewa ukutani.

Sasa LED. Ndiyo, badilisha, lakini si zote, na si leo. Watu wengi wanaponiuliza habari hizi wanaichukulia LED kama dawa ya mashine iliyochoka: taa zinafifia, basi tuweke LED, taa zinazimika zikigongwa, tuweke LED. LED haitibu soketi yenye kutu wala waya uliolegea. Itavionyesha wazi zaidi, kwa sababu nitakazokueleza hapo chini.

Nianze na zile za fundi wa magari. Hakukudanganya aliposema zinaingia. Toa globu moja ya zamani, isogeze karibu na dirisha, utazame shingo yake ya bati. Utaona namba ndogo imegongwa pale: 44 au 47. Zote mbili zina kitako cha bayoneti, cha kusukuma na kuzungusha, kinachoitwa BA9s, na magari mengi ya zamani yanatumia kitako hichohicho kwenye taa ndogo za pembeni. Kwa umbo ni ndugu. Lakini gari ni volti 12, na taa za mashine yako ni volti 6 na ushee. Ndani ya globu ya LED ya gari vimepangwa vipande vitatu hivi vya LED kwa mfuatano, na kila kimoja kinahitaji karibu volti 3 ndipo kitoe mwanga. Jumla ni volti 9. Ukiipa globu hiyo volti 6 haitoi chochote, au inatoa mwanga wa kufifia ambao hauonekani mchana. Kwa hiyo globu ni nzima na mashine haijaharibika. Mrudishie fundi, au zitafutie mwenye gari.

Hizi mbili za kutoka Marekani ni habari nyingine, na ndiyo sehemu ya swali lako iliyonifurahisha zaidi, kwa sababu tabia hiyo ya kupepesa inatokana hasa na jinsi Bally walivyotengeneza mashine zao miaka hiyo.

Ndani ya pinboli yako kuna familia mbili za taa. Ya kwanza naiita taa za jumla: zile zinazowaka muda wote mashine ikiwa imewashwa, nyuma ya kioo cha juu na chini ya plastiki zenye michoro pembeni mwa ubao. Hizi zinalishwa umeme wa kwenda na kurudi moja kwa moja kutoka kwenye transfoma. Familia ya pili ni taa za mchezo: zile zilizo chini ya alama za rangi ubaoni, zinazowaka na kuzimika kufuatana na gololi ilipogonga. Hizi zinaamrishwa na kompyuta ya mashine kupitia bodi yenye swichi za elektroniki ziitwazo thairista, swichi moja kwa kila taa.

Umeme wa familia hii ya pili umeelekezwa upande mmoja, lakini haukutulizwa. Unapanda na kushuka hadi sifuri mara 100 kila sekunde. Thairista ina tabia yake: kompyuta ikiishtua inaanza kupitisha umeme, lakini haiendelei kupitisha isipokuwa mkondo unaopita ndani yake umefikia kiwango fulani. Mkondo ukiwa mdogo, inajifunga. Kompyuta hushtua thairista mwanzoni kabisa mwa kila wimbi, umeme unapoanza tu kupanda. Globu ya zamani, yenye uzi, haichagui: hata volti ikiwa ndogo inavuta mkondo papo hapo, na thairista inashika. LED kwa wakati huo haijafikia volti zake 3, haivuti chochote, na thairista inaachia. Wimbi hili inashika, wimbi lijalo haishiki, linalofuata inashika tena. Jicho lako linaona kupepesa.

Juu ya hapo, uzi wa globu ya zamani ni kama jiko la mkaa: ukiacha kupepea, halipoi palepale. Umeme ukishuka hadi sifuri, uzi bado ni mwekundu na unaendelea kuangaza mpaka wimbi lijalo. LED haina akiba hiyo ya joto. Umeme ukikatika hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, inazima. Ndiyo maana nilisema itakuonyesha wazi ubovu wa soketi: mguso mbaya ambao globu ya zamani iliuficha kwa joto lake, LED inautangaza.

Kwa taa za mchezo, basi, una njia tatu. Unaweza kuchomelea rezista ya omu 470, ya nusu wati, sambamba na kila taa yenye LED. Rezista hiyo inavuta mkondo tangu wimbi linapoanza, thairista inapata cha kushikilia, na kupepesa kunaisha. Bei yake si kitu, ila bodi ya Bally ya miaka hiyo ina swichi za taa hadi 60, kwa hiyo ni kazi ya kuinama muda mrefu, na kuchomelea ovyo kunaweza kuharibu bodi ambayo haitengenezwi tena kiwandani kwake. Njia ya pili ni bodi ndogo za kati zinazouzwa na wauza vipuri vya pinboli nje ya nchi. Zinachomekwa kati ya bodi ya taa na nyaya zake, na kazi ya rezista zote zimeibeba zenyewe. Ni safi na zinaondoleka, lakini utalipia bodi, usafirishaji na ushuru.

Njia ya tatu ndiyo ninayokushauri wewe: taa za mchezo ziache na globu zake za zamani, za namba 47. Zinawaka kwa zamu, hazikai zimewaka saa nzima, kwa hiyo hazileti joto la kutisha na haziungui haraka. Kuchanganya LED huku na globu za uzi kule hakuna ubaya wowote kwa mashine. Tena, kwa macho yangu, alama inayowaka polepole na kufifia polepole inapendeza kuliko ile inayokatika ghafla.

LED peleka kwenye taa za jumla. Hapo ndipo faida ilipo, na sababu kubwa ni kile kioo cha baba yako.

Globu ya namba 44 inakula ampea 0.25 kwa volti 6.3, zaidi kidogo ya wati moja na nusu. Ya namba 47 inakula ampea 0.15, yaani chini kidogo ya wati moja. Sehemu kubwa ya wati hizo inaishia kuwa joto. Tuseme mashine yako ina taa za jumla 50, zote za namba 44. Hiyo ni ampea 12.5 zinazopita saa zote kwenye viungio vyembamba vya mwaka 1979, na karibu wati 79 za joto ndani ya sanduku lililofungwa. Picha ya kioo cha juu imechapwa kwa rangi upande wa ndani, ule unaotazamana na globu. Kila ukiwasha, rangi inapata moto na kutanuka. Kila ukizima, inapoa na kusinyaa. Kioo chenyewe hakitanuki kwa kiasi kilekile, kwa hiyo mwisho rangi inaachia. LED zile zile 50, kwa kadirio la wati 0.3 kila moja, zitakuwa wati 15 tu. Kioo kitakaa baridi, viungio vitapumua, na hata kiboksi chako cha kushushia umeme kitapata nafuu.

Luku itapungua, lakini usitarajie makubwa. Tofauti ya wati 64, ukiiwasha saa nane kwa siku, ni kama nusu yuniti. Friji yako ya soda ndiyo inayokula hela.

Nikiwa bado kwenye kioo: rangi iliyokwisha kubanduka LED haitairudisha, itazuia tu isiendelee haraka. Usikifute upande wa ndani hata kwa kitambaa kikavu, maana vipande vilivyolegea vitakuja na kitambaa. Vumbi la nje futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Kuna watu wanapulizia vanishi upande wa rangi ili kuishikiza, na zipo zinazofanya kazi hiyo vizuri, lakini isiyofaa inakunja rangi yote mbele ya macho yako. Picha hiyo huwezi kuipata dukani, kwa hiyo usijaribu.

Kabla ya kuagiza LED hata moja, fungua kioo cha juu utazame bodi ya kompyuta. Bally waliweka pale betri ndogo ya kuchaji ya volti 3.6 ya kutunza kumbukumbu, na betri hizo zikizeeka zinavuja. Ukiona ukoko wa kijani au mweupe kuizunguka, hiyo kemikali inakula njia za shaba za bodi kila siku, na ndiyo inayoua mashine hizi kuliko kitu kingine chochote. Mashine inacheza bila betri. Itakachopoteza ni kumbukumbu tu, kama alama za juu zilizowahi kupatikana. Kama betri imekwisha kuvuja, hiyo ni kazi ya fundi wa elektroniki: aitoe, aoshe mabaki kwa siki nyeupe, asuuze, akaushe kwa spiriti.

Halafu soketi. Hii unaweza kuifanya mwenyewe jioni mgahawa ukiwa umefungwa, plagi ikiwa imechomolewa. Usiridhike na swichi kuzimwa, chomoa. Toa globu, tazama ndani: kitako cha chini, kile kidoti kinachogusa globu, kinatakiwa kung'aa. Kama ni cheusi au kina ukungu wa kijani, chukua msasa laini, uviringishe kwenye ncha ya penseli, zungusha humo taratibu mpaka bati lionekane. Sugua pia ukuta wa soketi. Kisha shika soketi uitikise kidogo. Zile za Bally zimeunganishwa kwa ribiti, na ribiti zikilegea mguso unapotea. Soketi ya namna hiyo kuisugua hakusaidii, inataka kipande cha waya kichomelewe kuunganisha mwili wake na mguu wake, au ibadilishwe. Kwa vumbi la Moshi la kiangazi na unyevu wa masika, usishangae ukikuta nusu ya soketi zina kasoro. Uwezekano ni mkubwa kwamba utakapokuwa unazisafisha utakutana pia na ile iliyopinda inayounguza fyuzi yako. Itafute kwenye kona za ubao, pale mikono ya mafundi hupita.

Ukiagiza, andika hivi: kitako cha BA9s, volti 6.3, ya umeme wa kwenda na kurudi na wa upande mmoja, isiyobagua chanya na hasi. Hayo ya mwisho ni muhimu. Globu ya bayoneti huwezi kuigeuza kama plagi, kwa hiyo inayobagua ikikataa upande mmoja hutakuwa na la kufanya. Na zipo za bei rahisi zinazotumia nusu tu ya wimbi la umeme. Hizo zinawaka na kuzimika mara 50 kwa sekunde. Ukitazama globu tu huenda usione kitu, lakini gololi ikipita kasi chini yake utaiona imekatika vipandevipande, na mchezaji anachoka macho bila kujua kwa nini. Nunua tano kwanza, zifunge, tazama kwa kamera ya simu: mistari mizito inayotembea kwenye picha ni dalili ya globu za namna hiyo. Zikikupendeza ndipo uagize zilizobaki.

Rangi, chagua nyeupe yenye umanjano, ya Kelvin 2700 hadi 3000. Picha ya kioo chako ilichorwa ili imulikwe na uzi wa moto. Ukiimulika kwa nyeupe kali yenye ubluu, nyekundu inapauka, ngozi za watu zinakuwa kama za wagonjwa, na buluu inameza vingine vyote. Usichukue pia zile zenye vipande vingi vinavyong'aa sana. Zitatoboa matundu ya mwanga kwenye picha, na kila pale rangi ilipobanduka patawaka kama tundu la risasi. Chukua zenye kifuniko cha ukungu, kipande kimoja au viwili.

Kuhusu kiboksi cha kushushia umeme: kiwe transfoma halisi, nzito, ya angalau wati 500, si vile viboksi vyepesi vya kubebea safarini, maana pinboli inavuta umeme kwa mishtuko kila kibao kinapopiga. Tofauti nyingine ni kwamba umeme wa Marekani hupiga mizunguko 60 kwa sekunde na wetu 50, na transfoma iliyosukwa kwa 60 ikifanya kazi kwenye 50 inapata joto zaidi. Ikiwa ya uvuguvugu, sawa. Ikiwa mkono hauvumilii kuigusa, zima. Transfoma nyingi za mashine hizi zina vituo vya kuunga kwa volti 220 na zaidi. Tafuta karatasi iliyobandikwa ndani ya sanduku au michoro ya mashine. Vikiwepo, kiboksi hakitahitajika tena. Lakini kuhamisha nyaya hizo si kazi yako wala yangu kwa maandishi.

Hapo ndipo nakuomba umwite mtu aje aione. Mwite kwa transfoma, na kwa waya wa ardhi, kwa sababu mashine ina kufuli, miguu na reli za chuma ambazo watoto wanazishika kwa mikono yenye maji ya kunawia. Waya wa ardhi ukatike popote, chuma hicho kinaweza kuwa na umeme. Mwite ukiona kiungio kimebadilika rangi kuwa kahawia au ukisikia harufu ya plastiki iliyoungua. Na usiguse kabisa vile vioo vya namba vinavyowaka rangi ya machungwa na bodi inayovilisha. Vinatumia takriban volti 190, na kapasita zake zinabaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi.

Fundi wa magari si mtu wa kazi hii, na hilo si kumdharau. Tafuta aliyesoma elektroniki, awe ametoka Chuo cha Ufundi Arusha au VETA, mwenye mita na anayekubali kusoma mchoro kabla ya kushika bisibisi. Kwa transfoma, mafundi wa kusuka mota wanaweza kuipima na hata kuisuka upya ikibidi. Muulize swali moja kabla hujamkabidhi: fyuzi ikiungua, unafanya nini? Akikwambia anaweka kubwa zaidi, mshukuru, uendelee kutafuta.

Globu za namba 47 zilizo nzima utakazotoa nyuma ya kioo usizitupe. Zifunge kwenye karatasi, zitie kwenye kopo, kopo uliweke ndani ya sanduku la mashine. Hizo ndizo akiba yako ya taa za mchezo, na kwa vile hutazihitaji tena kwenye taa za jumla, zitakutosha miaka mingi bila kumsumbua ndugu yako wa Marekani. Za namba 44 ukizikuta nzima zitunze kando, uzitumie pale tu za 47 zitakapokwisha.